Ganda la Mbegu kwa Tyubu za Baiskeli: Mwongozo Kamili wa Kuunda Sanamu za Maumbo ya Asili kwa Malighafi Zisizozoeleka

Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ipasue kwa urefu, uitandaze mezani, kisha uiachie. Haitulii. Kingo zake zinainuka taratibu, zinarudi zilikokuwa. Kila malighafi ina tabia ya namna hii, na sanamu nyingi za wanaoanza huharibika kwa sababu tabia hiyo haikuulizwa mapema. Mtu anaamua kutengeneza ndege, halafu anatafuta kitu cha kukilazimisha kiwe ndege. Mimi nakushauri uanzie upande wa pili: ijue malighafi kwanza, ujue inapenda kufanya nini, ndipo utafute katika maumbile kitu kinachofanya hivyohivyo.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho ili hatua zieleweke. Tutatengeneza ganda la mbegu lenye magamba, la kuning'iniza, urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 50 katikati. Litafanywa kwa tyubu za baiskeli juu ya kiunzi cha waya. Ukishalimaliza, utaweza kubadili tyubu kwa kitu kingine na ganda kwa umbo jingine, na hatua zitabaki zilezile.

Hatua ya kwanza: kusanya kitu kimoja, kwa wingi

Msanii wa sanamu El Anatsui alizaliwa Ghana mwaka 1944 na akafundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Nigeria kilichopo Nsukka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe kali. Alivigonga vikawa bapa, akavikunja, akaviunganisha kwa waya wa shaba, na baada ya maelfu ya vifuniko akapata shuka kubwa za chuma zinazoanguka ukutani kama nguo. Mwaka 2015 maonyesho ya sanaa ya Venice Biennale huko Italia yalimtunuku tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Tara Donovan wa Marekani naye huchukua kitu kimoja tu, vikombe vya plastiki, vifungo vya nguo au pini, akakirudia mara nyingi mno hadi jicho linaacha kuona kikombe na kuanza kuona wingu au barafu. Ana mchemraba wa vijiti vya kuchokolea meno ambao haukutiwa gundi hata tone. Vijiti vinashikana kwa msuguano na uzito wao wenyewe.

Somo la wote wawili ni wingi wa kitu cha aina moja. Anayeanza hupenda kuchanganya: kifuniko hapa, kijiko pale, kipande cha redio katikati. Mtazamaji anaishia kutambua vitu badala ya kuona umbo. Kwa hiyo chagua kitu ambacho unaweza kukipata kwa mamia, kinachooshwa kwa sabuni na maji, na ambacho hakikudhuru ukikikata. Tairi lenyewe, kwa mfano, ni gumu kwa anayeanza kwa sababu matairi mengi yana nyuzi za chuma ndani zinazochoma mikono. Tyubu haina. Ndiyo sababu nimeichagua.

Utahitaji tyubu 25 za baiskeli kubwa. Namna nilivyoipata hesabu hiyo nitaieleza chini.

Hatua ya pili: ihoji malighafi

Tenga wiki nzima kwa hili, bila kutengeneza chochote. Kata vipande kumi. Kimoja kikunje, kimoja kivute, kimoja kipinde kisha ukiachie, kimoja ukianike juani wiki nzima, kimoja ukiloweke usiku kucha. Jaribu kutoboa tundu karibu na ukingo na uone linachanika wakati gani. Andika yote daftarini.

Usijaribu kwa moto. Mpira ukiungua hutoa moshi wenye sumu, plastiki ya PVC ikipashwa moto kupita kiasi hutoa gesi yenye asidi, na waya uliopakwa zinki ukichomwa hutoa mvuke unaoumiza mapafu. Maumbo mengi ya asili yanapatikana kwa kukunja, kukata na kufunga tu.

Tyubu nilipoihoji hivi ilinipa jibu ambalo nisingelibuni. Ukishaipasua na kuitandaza, ina upande mweusi wa nje na upande wa ndani wenye ungaunga mweupe, na daima inajikunja kuelekea upande wa ndani. Sasa kata kipande kirefu kinachofuata urefu wa tyubu: kingo zake mbili zitainuka na kitakuwa kama mtumbwi. Kata kingine cha ukubwa uleule lakini kinachokingama: safari hii ncha ndiyo inayojikunja, kama ukucha. Mkasi uleule na mpira uleule, ila mwelekeo tofauti, na tayari una viungo viwili vya mwili. Mtumbwi unalala juu ya mwili na kuufunika. Ukucha unashika hewa. Hapo nikajua kwamba mpira huu unataka kuwa magamba.

Hatua ya tatu: tazama maumbile mpaka uione kanuni

Ruth Asawa, msanii wa Marekani aliyefariki mwaka 2013, alijifunza mwaka 1947 huko Toluca, Mexico, namna ya kufuma waya kwa vitanzi, ufundi uliotumika kutengeneza vikapu vya mayai. Kutokana na vitanzi hivyo alifuma maumbo ya kuning'inia, moja ndani ya jingine, mepesi kama matone. Mwaka 1962 aliletewa mmea mkavu wa jangwani. Akajaribu kuuchora, akashindwa kwa jinsi ulivyosongamana, basi akaanza kuujenga kwa waya ili auelewe. Kwenye kuujenga ndipo alipoona unavyogawanyika: fungu la waya linatoka katikati, linagawanyika, kila tawi linagawanyika tena, na waya unapungua kila hatua.

Hicho ndicho unachokitafuta, namna kitu kinavyokua. Sura ya nje inaweza kuigwa na picha. Kanuni ya ukuaji ndiyo inayokuwezesha kujenga kipande kwa kipande bila kupotea.

Kwa magamba, walimu wetu ni watatu: nanasi, koni ya msonobari na kakakuona. Chukua nanasi au koni na pini za rangi mbili. Anza jicho moja na ufuate mstari wa macho unaopanda kwa kuzunguka kushoto, uchome pini kila mstari unapoanza. Halafu fanya hivyo kwa mistari inayopanda kulia. Mara nyingi utapata 8 upande mmoja na 13 upande mwingine. Alizeti kubwa huwa na 34 na 55. Namba hizi zinafuatana katika mfululizo ambao kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia, na chanzo chake ni kwamba mmea huchipuza kila chipukizi jipya kwa pembe ya takriban nyuzi 137.5 kutoka kwa lililotangulia, hivyo hakuna linaloota juu kabisa ya jingine.

Ukitaka kuitumia pembe hiyo kwenye kazi bapa kama uso wa alizeti, kata kadibodi yenye pembe ya nyuzi 137.5, iweke kitovuni, na kila nukta mpya uizungushe kiasi hicho kutoka nukta iliyopita. Umbali kutoka kitovuni unafuata kipeuo cha pili cha namba ya nukta: ikiwa nukta ya 1 iko sentimita 1, ya 4 iwe sentimita 2, ya 9 iwe sentimita 3, ya 100 iwe sentimita 10. Baada ya nukta hamsini hivi mizunguko itajitokeza yenyewe bila wewe kuichora. Mara ya kwanza nilipoiona nilikaa kimya muda mrefu.

Kwa ganda letu hatuhitaji hesabu hiyo. Tunachochukua kwa nanasi na kakakuona ni mambo matatu: kila gamba linakaa katikati ya mawili ya mstari wa chini yake, magamba yanakuwa madogo karibu na ncha na makubwa tumboni, na mzizi wa kila gamba umefichwa na gamba jingine.

Hatua ya nne: piga hesabu kabla ya kukata

Umbo la yai la sentimita 80 kwa 50 lina eneo la nje la takriban sentimita za mraba 11,000. Gamba la kati lina upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 6, lakini nusu yake inafunikwa na kingo zake zinapandana kidogo na jirani, kwa hiyo sehemu inayoonekana ni kama sentimita za mraba 10. Gawanya: magamba 1,100.

Tyubu iliyopasuliwa inatoa ukanda wa karibu sentimita 190 kwa 8. Ukanda huo ungetoa magamba 62, ila ondoa valvu, viraka na sehemu zilizochakaa, utabaki na kama 50. Kwa hiyo 22 zinatosha kwa shida, na 25 zinatosha kwa amani. Kukata gamba moja na kulifunga huchukua dakika mbili kwa mkono uliozoea, yaani saa 37 za kazi. Nakwambia mapema ili upange wiki zako.

Hatua ya tano: kiunzi

Tumia waya wa milimita 3 uliopakwa zinki. Kata mbavu 8, kila moja sentimita 115, na pete tatu: moja ya sentimita 162 kwa ajili ya tumbo, mbili za sentimita 141 za kukaa sentimita 20 juu na chini ya tumbo. Urefu huo umejumuisha sentimita za kupishanisha na kufunga. Pinda kila ubavu uwe kama upinde, kusanya ncha zote juu na chini, uzisokote kwa koleo, halafu uingize pete na kufunga kila makutano kwa waya laini wa milimita 1.

Angalia kiunzi kutoka mbali, ukikizungusha. Kasoro ya sentimita mbili inayoonekana ndogo sasa itakuwa nundu baada ya kuvishwa. Irekebishe kwa mikono, na usiogope kusukuma.

Kisha kivishe waya wa kuku wenye matundu madogo. Ukate vipande vyembamba kama vya chungwa lililomenywa, kwa kuwa karatasi moja pana haiwezi kufunika umbo la yai bila mikunjo. Vaa glavu na miwani ya kinga. Ncha za waya wa kuku zilizokatwa hurukia macho, na kila ncha lazima igeuziwe ndani kabla hujaendelea.

Hatua ya sita: magamba

Osha tyubu ndani na nje, zikauke kivulini. Tengeneza vielezo vitatu vya kadibodi ngumu: sentimita 3 kwa 4.5, 4 kwa 6, na 5 kwa 7. Upande mmoja uwe mraba, huo ndio mzizi. Upande wa pili uchongoke kwa mviringo.

Usiruke vielezo vitatu. Ganda langu la kwanza nilikata magamba yote kwa kielezo kimoja kwa sababu ya haraka, na nilipolitundika lilionekana kama paa la nyumba. Hakukuwa na uhai. Nilifumua theluthi ya juu nzima, nikakata upya magamba madogo, na siku hiyo hiyo likaanza kupumua.

Sasa ufungaji, ambao ndio moyo wa kazi. Aliyewahi kuezeka anajua: huanzi juu. Unaanza ukingoni chini na kupanda, ili kila mstari ufunike mafundo ya mstari ulioutangulia. Toboa mzizi wa gamba kwa shazia matundu mawili, sentimita 1 kutoka ukingoni na sentimita 1.5 kati yake. Tundu liwe dogo kuliko waya, mpira utaushika wenyewe. Kata waya laini wa sentimita 12, upinde kama kibanio cha nywele, uupitishe nyuma ya waya wa kuku ncha zote mbili zikija kwako. Ziingize kwenye matundu ya gamba, uzisokote mbele mara mbili na nusu, ukate, ulaze fundo bapa kwenye mpira. Hakuna haja ya kuingiza mkono ndani ya kiunzi, na fundo litazikwa na gamba la juu yake.

Ukisokota zaidi ya mara tatu waya laini hukatika. Ukisokota mara moja gamba litacheza na mwisho litachomoka.

Mstari wa pili uanze kwa kusogea nusu ya gamba. Chini kabisa tumia kielezo kidogo, tumboni kikubwa, halafu rudi kidogo kadiri unavyopanda. Usibadilishe ghafla. Changanya saizi mbili ndani ya mistari minne au mitano.

Mara nyingi weka upande wa ndani wa tyubu ukiangalia kiunzi, gamba litakumbatia mwili. Lakini nusu ya chini ya yai, mwili unapoingia ndani, magamba yataning'inia na kuachana na mwili yenyewe, kama koni iliyofunguka kwa ukavu. Nusu ya juu yatalala yakijifunga. Hutakuwa umelipanga jambo hilo, uzito wa mpira ndio utakaolifanya, na naona ndilo zuri kuliko yote katika kazi hii. Ukitaka kulitilia mkazo, pembezoni mwa eneo linalofunguka weka magamba machache yaliyokatwa kukingama, yale yenye ncha za ukucha, na uyageuze upande wa ndani utazame nje. Machache. Ishirini yanatosha katika elfu moja.

Mstari wa mwisho juu utabaki na mafundo wazi. Yafunike kwa ukanda wa tyubu wa sentimita 3 uliozungushwa kwa kuvutwa mara nne au tano shingoni. Mpira uliovutwa unajibana wenyewe.

Hatua ya saba: kuning'iniza

Ganda hili litakuwa na uzito wa karibu kilo 5. Kulabu unayoitumia ijaribiwe kwa mara tano ya uzito huo: mfuko wa mchanga wa kilo 25, uachwe usiku kucha. Funga kamba ya chuma ya nyuzi zilizosokotwa kwenye mbavu zote nane mahali zinapokutana, kamwe usifunge kwenye waya wa kuku. Weka tumbo la sanamu usawa wa macho au juu kidogo, na taa moja kutoka ubavuni. Taa ya kutoka mbele huua magamba yote.

Umri wa sanamu

Amua mapema unataka kazi iishi miaka mingapi, maana malighafi zisizozoeleka huzeeka kwa njia zisizozoeleka. Eva Hesse, msanii wa sanamu aliyefariki mwaka 1970 akiwa na miaka 34, alifanya kazi kwa utomvu wa mpira akijua kwamba hautadumu. Expanded Expansion, kazi yake ya 1969, ilikakamaa na kubadilika rangi, ikakaa ghalani zaidi ya miaka 30 kabla ya kuonyeshwa tena katika makumbusho ya sanaa ya Guggenheim, New York, mwaka 2022 baada ya matengenezo makubwa. Andy Goldsworthy wa Uingereza hujenga kwa majani, miiba na barafu, na mara nyingi kinachobaki ni picha. Wolfgang Laib wa Ujerumani hukusanya chavua kwa mikono yake, huichekecha sakafuni iwe mraba wa manjano, na maonyesho yakiisha huirudisha kwenye chupa zake. Njia zote tatu ni halali. Kosa ni kumpa mtu sanamu bila kumwambia ni ya aina gani.

Tyubu nyingi za baiskeli hustahimili hewa vizuri, ila ziweke mbali na jua kali na mafuta. Vumbi lifute kwa kitambaa chenye unyevu, bila kemikali. Ukibadili malighafi, mambo haya mawili yatakusaidia. Alumini inayogusana na shaba mahali penye unyevunyevu huliwa haraka, kwa hiyo vifuniko vya alumini vya kukaa nje vifunge kwa waya wa alumini. Na mbegu, maganda makavu, vibuyu au vijiti vifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, vikae kwenye friza wiki mbili kabla hujavigusa. Niliwahi kumaliza sanamu ya maganda makavu, na miezi miwili baadaye nikakuta unga mwembamba sakafuni chini yake. Fukusi walikuwa wameila kutoka ndani, na sikuweza kuokoa hata robo.

Ukishatundika, kata magamba thelathini ya akiba ya saizi zote tatu, yatie kwenye mfuko pamoja na waya laini, na uandike kwenye kadi aina ya mpira, unene wa waya, tarehe, na mwelekeo wa ufungaji. Funga kadi hiyo ndani ya shingo ya ganda, mahali ambapo atakayelitengeneza siku moja ataanzia kufungua.